Bandu bandu ya kioski ndiyo imalizayo mshahara

SAA kumi na mbili za asubuhi, katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, watoto hutumwa kioski wakiwa na sarafu mkononi. Mmoja hurejea na sukari iliyofungwa katika kipande cha karatasi. Mwingine huleta majani ya chai yanayotosha birika moja tu. Wa tatu hushika kichupa cha mafuta ya kupikia yasiyofika hata nusu kikombe. Jioni safari hiyo hurudiwa, na kesho yake vivyo hivyo, hadi mwisho wa mwezi.

Ununuzi huu wa vipimo vidogo, ambao Wakenya wameubandika jina la 'kadogo', ndio uliowawezesha wengi kuinjika sufuria siku ambayo mfukoni mna shilingi hamsini pekee. Hakuna haja ya kuubeza. Hata hivyo, ni bayana kuwa ndio pia unaozifanya familia zenye kipato kidogo kulipia bidhaa ile ile ghali kuliko jirani mwenye uwezo anayeinunua kwa lita au kwa kilo.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wakanena vilevile kwamba bandu bandu huisha gogo. Methali ya kwanza hukaririwa na wanafunzi madarasani. Ya pili ndiyo inayotendeka jikoni, na aghalabu haitambuliwi hadi gogo limekwisha.

Ushauri mwingi kuhusu kubana matumizi huanzia mahali pasipofaa. Mwenye mshahara mdogo huambiwa apunguze nyama, aache soda na asahau matembezi, ilhali mambo hayo aliyaacha zamani. Linalomgharimu si wingi wa anavyonunua, bali namna anavyovinunua, anavyovipika na anavyokopa ili kuvipata. Hapo ndipo penye shilingi za kuokolewa bila mtoto yeyote kupunguziwa sahani.

HESABU YA KIPIMO

Chukua mfano wa mafuta ya kupikia. Tuseme lita moja inauzwa dukani kwa shilingi 300, na kioskini kipimo cha mililita 50 kinauzwa kwa shilingi 20. Lita moja ina vipimo 20 vya aina hiyo. Kwa hivyo, anayenunua kwa kipimo hulipa shilingi 400 kwa lita ile ile. Familia inayotumia kipimo kimoja kila siku hutoa shilingi 600 kwa mwezi, wakati mafuta hayo, ambayo ni lita moja na nusu, yangeigharimu shilingi 450. Tofauti ni shilingi 150 kwa mwezi, au shilingi 1,800 kwa mwaka, kwa bidhaa moja tu.

Bei hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na kutoka msimu hadi msimu, lakini njia ya kuipima haibadiliki. Anayetaka kujua ukweli wa nyumba yake na apeleke kipimo cha kioski nyumbani, akimimine katika chupa tupu ya lita moja, na ahesabu ni vipimo vingapi vitaijaza. Afanye hivyo pia kwa sukari, mchele, sabuni ya unga na majani ya chai. Baadhi ya bidhaa zitamshangaza kwa kutokuwa na tofauti kubwa. Nyingine zitamtia uchungu.

Mwenye kioski hastahili kuitwa mwizi kwa sababu hiyo. Yeye hununua karatasi za kufungia, hupoteza mafuta yanayomwagika, hukopesha wateja wasiolipa na huketi dukani tangu alfajiri hadi usiku. Gharama hizo zote amezigawa katika kila kipimo. Mteja wa kadogo hulipia mafuta pamoja na huduma ya kuuziwa kidogo.

KOPO LA NYUMBANI

Pingamizi huwa moja: mtu wa kibarua cha kila siku atazitoa wapi shilingi 300 kwa mpigo? Jibu ni kwamba nyumba, kama biashara yoyote, inahitaji mtaji, na mtaji huo waweza kuanza na bidhaa moja peke yake.

Familia iliyotajwa iweke kando shilingi 10 kila siku kwa siku 30. Mwezi ukiisha itakuwa na shilingi 300, nayo itanunua lita yake ya kwanza. Kuanzia siku hiyo haitakwenda kioski kutafuta mafuta, lakini iendelee kutoa zile shilingi 20 za kila siku kana kwamba inakwenda. Badala ya kumpa mwenye kioski, izitie katika kopo. Mafuta yatadumu siku 20, na siku ya ishirini kopo litakuwa na shilingi 400. Lita mpya itanunuliwa kwa 300, na 100 zitabaki.

Baada ya mizunguko mitatu, yaani siku 60, masalio yatakuwa yamefika shilingi 300. Huo sasa ni mtaji wa bidhaa ya pili, iwe sukari, sabuni au mchele. Bidhaa ya pili nayo italipia ya tatu. Nyumba haikuongezewa mshahara wala haikukopa. Ilichofanya ni kujigeuza kioski chake yenyewe, na faida iliyokuwa ikienda nje ikabaki ndani.

Ugumu wa mpango huu hauko katika hesabu. Uko katika kopo. Siku ambayo kopo litafunguliwa kwa ajili ya nauli au deni la jirani, mtaji utakuwa umeliwa na safari ya kioski itaanza upya. Ndiyo sababu wengine huwapa kopo mtu asiyependa kusikia visingizio, au huhifadhi fedha hizo katika akaunti ya simu isiyotumika kwa jambo jingine. Wanaotumia simu wakumbuke kwamba ada za kutoa pesa hupangwa kwa ngazi, hivyo anayetoa kidogo kidogo mara nyingi hulipa zaidi ya anayetoa mara moja.

CHA KUNUNUA KWA WINGI

Si kila kitu kinachofaa kununuliwa kwa wingi. Nyanya, dania, maziwa na mboga za majani huharibika upesi, na mama mboga anayeziuza kwa shilingi kumi kumi humwondolea mteja hasara ya kuzitupa. Bidhaa za kuanza nazo ni zile zisizooza: chumvi, sukari, sabuni, mchele, ndengu, maharagwe na mafuta.

Isitoshe, kadogo ina nidhamu yake. Anayenunua kipimo kimoja hapiki kwa vipimo viwili. Lakini chupa nzima ikiwa kabatini mkono huwa mwepesi, na lita iliyotarajiwa kudumu siku 20 huisha kwa siku 12. Hapo faida yote hupotea. Kwa hivyo, anayenunua lita na aendelee kutumia kipimo kile kile cha kioski. Kijiko maalumu kwa mafuta, kikombe maalumu kwa mchele na alama iliyochorwa ubavuni mwa mkebe wa sukari ni walinzi bora kuliko ugomvi.

Wasio na uwezo wa kununua wakiwa peke yao huweza kuungana. Wanachama kumi wa chama cha ploti moja wakichanga, wataweza kununua gunia la sukari la kilo 50 kwa bei ya jumla na kila mmoja apate kilo tano, au jerikeni la mafuta la lita 20 na kila mmoja apate lita mbili. Vyama vya namna hiyo hudumu iwapo risiti inaonyeshwa kwa wote, mizani ni moja na bidhaa zinagawanywa siku ile ile ziliponunuliwa. Zikilala kwa mtu, shaka huzaliwa.

AKIBA ISIWE SUMU

Mahindi yanahitaji tahadhari zaidi. Kwa kawaida bei yake hushuka baada ya mavuno ya Bonde la Ufa kuelekea mwisho wa mwaka, kisha hupanda kadiri maghala yanavyopungua kabla ya mavuno mapya. Kumbukumbu ya Julai 2022 ingalipo, wakati pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200 na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ili iuzwe kwa shilingi 100. Mwenye nafasi ya kununua gunia la kilo 90 wakati wa mavuno, ambalo ni takriban gorogoro 45, na kusaga katika kinu cha posho kadiri ya mahitaji, hujikinga dhidi ya kupanda huko.

Hata hivyo, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumu ya aflatoksini. Mnamo 2004, katika wilaya za Mashariki zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Ugali moto wa mahindi yenye sumu bado ni ugali wenye sumu.

Wataalamu wa kilimo hutaka mahindi yakaushwe hadi unyevu wake ufike asilimia 13.5 au chini ya hapo. Asiye na kifaa cha kupimia huweza kutia punje chache katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, akaitikisa, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Isiponata, bado si hoja ya kuzembea. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, kisha gunia liwekwe juu ya mbao mbali na ukuta. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe. Gunia la bei nafuu mno lililokusanywa wakati wa mvua huenda likawa ghali kuliko yote.

MOTO UNAOTEKETEA BURE

Baada ya chakula, gharama inayouma ni ya kukipika. Mafuta taa, yaliyokuwa kimbilio la wengi, yalipanda bei Septemba 2018 yalipotozwa ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Wengi walirudi kwenye makaa, wengine wakanunua mtungi wa gesi wa kilo sita.

Lolote atakalotumia mtu, akiba kubwa haidai kifaa kipya. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yaliyotiwa chunguni yakiwa makavu. Sufuria iliyofunikwa huchemka upesi kuliko iliyo wazi. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauivishi chakula haraka zaidi. Hukausha maji tu. Githeri ikipikwa mara moja kwa siku mbili au tatu na kuungwa kwa zamu hupunguza moto, mradi inapozwa na kuhifadhiwa vizuri ili isichache.

Wapo pia wanaotumia kikapu cha kupikia kisicho na moto. Kikapu kikubwa hutandikwa nguo kuukuu, pamba au mabaki ya sponji pande zote, na mto mnene huwa kifuniko. Maharagwe yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa nusu saa, kisha sufuria ikiwa ingali inatokota hufunikwa na kutumbukizwa kikapuni. Joto lililomo huendelea kuyaivisha kwa saa kadhaa bila makaa wala gesi. Kabla ya kuliwa huchemshwa tena kidogo. Hatua ya kuchemsha kwa nguvu mwanzoni haipaswi kurukwa, kwa kuwa maharagwe mekundu yasiyochemshwa ipasavyo huweza kuumiza tumbo.

Kwa wanaotumia makaa, jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani, lililoanza kuenea nchini miaka ya mwanzo ya 1980, hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Kwa wanaotumia gesi, bei igawanywe kwa kilo kabla ya kuamua kati ya mtungi mdogo na mkubwa. Jambo moja lisipunguzwe kamwe, nalo ni usalama. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi mtaani Embakasi, Nairobi, katika kituo ambacho mamlaka ya kawi ilisema hakikuwa na kibali, uliua watu na kujeruhi mamia. Mtungi uliojazwa kichochoroni huwa na bei ya chini kwa sababu kuna aliyeruka gharama ya usalama.

MAJI NA STIMA

Maji nayo huonyesha wazi jinsi umaskini unavyotozwa. Meta moja ya ujazo ni sawa na mitungi 50 ya lita 20. Anayenunua mtungi kwa shilingi 10 hulipa shilingi 500 kwa meta ya ujazo, kiwango kinachozidi mno kile anacholipa mwenye bomba la kampuni ya maji nyumbani. Wapangaji wakiungana kumshawishi mwenye ploti aunganishe bomba na mita, huenda wakaokoa zaidi kuliko kwa kuoga maji nusu ndoo.

Mvua isiachwe ipotee. Paa lenye ukubwa wa meta mraba 20 likinyeshewa mvua ya milimita 10 hupokea lita 200 za maji, yaani mitungi kumi, yanayofaa kufulia na kudekia. Maji ya kusuuzia mboga huweza kunywesha gunia la sukuma wiki. Bustani za magunia, ambazo ziliongezeka Kibera baada ya machafuko ya 2007/2008, hazihitaji shamba: udongo na samadi hujazwa guniani, mawe hupangwa katikati ili maji yateremke, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni.

Kuhusu stima, balbu ya zamani ya wati 60 ikiwashwa saa tano kila siku hutumia yuniti tisa kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutumia chini ya yuniti moja na nusu kwa muda huo huo. Balbu tatu za zamani hufikisha yuniti 27. Hili lina uzito zaidi kwa kuwa katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, nyumba zisizozidi yuniti 30 kwa mwezi ziliwekwa katika daraja la chini kabisa. Anayevuka mpaka huo kwa uzembe hulipia kila yuniti ghali zaidi. Pasi ya umeme nayo iwashwe mara moja kwa juma kwa nguo zote, badala ya kila asubuhi kwa shati moja.

DENI LA MLO

Adui mkubwa wa kopo ni mkopo wa kula. Huduma ya M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa asilimia 7.5. Kwa mkopo wa shilingi 2,000, hiyo ni shilingi 150. Msomaji atakumbuka kwamba shilingi 150 ndizo zilizookolewa katika mfano wa mafuta kwa mwezi mzima. Mkopo mmoja wa kumalizia mwezi humeza jasho la siku 30, na akopaye kila mwezi kwa ada hiyo hulipa, kwa mwaka, karibu kiasi kile kile alichokopa.

Si kila deni ni baya. Anayekopa ili kununua mtaji wa biashara, au kumpeleka mtoto hospitalini, ana sababu. Lakini deni la unga hulipwa na mshahara ujao, ambao utaingia ukiwa na pengo, na pengo hilo litahitaji deni jingine. Njia ya kutoka ni ile ile ya kopo: kulipunguza deni kidogo kila mwezi, si kungoja siku ya neema. Dawa ya deni ni kulipa.

DAFTARI LA WOTE

Mambo haya yote huporomoka iwapo anayejua hesabu ni mtu mmoja. Mume akificha kiwango cha mshahara wake na mke akificha deni la kioski, kila mmoja hubana upande wake huku upande wa pili ukivuja. Daftari la shilingi chache, lenye tarehe, kitu kilichonunuliwa na bei yake, likiandikwa kwa miezi miwili, hufichua mengi. Watoto wakubwa nao washirikishwe, maana wao ndio watumwao kioski na ndio huijua bei kuliko wazazi.

Ukweli mmoja usifichwe. Kubana matumizi hakuzai pesa. Kuna mishahara midogo kiasi kwamba hata hesabu nzuri haiwezi kuitosheleza, na anayelipwa hivyo hahitaji mahubiri bali malipo ya haki. Lakini hata yeye, madhali hajaongezewa, hana sababu ya kulipa shilingi 400 kwa kitu cha shilingi 300.

Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka katika masoko ya pwani, na vibaba vinne vilifanya pishi. Waliounga methali ile walijua kwamba kibaba hakijai kwa kumiminwa mara moja. Hujaa punje kwa punje, mradi hakina tundu chini. Familia inayotaka kuanza leo haihitaji zaidi ya kopo moja, bidhaa moja na shilingi kumi za jioni hii.